Nani Alikwambia? Kwa Treni ya Kigoma katika Njia ya Wapagazi

Treni ya Reli ya Kati ikishaiacha Saranda, behewa zima hunukia kuku wa kukaanga. Abiria hununulia dirishani, chenji hurudishwa mbio mbio magurudumu yakiwa yameshaanza kuzunguka, kisha watu hula kimya hadi Itigi. Kuanzia hapo vichaka vizito husogea karibu na reli, na anayekwenda Tabora anajua ameingia katika njia ya wapagazi. Wajerumani waliifikisha reli hii Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na sehemu kubwa waliitandika jirani na njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wameikanyaga kwa miguu miaka mingi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, hadi Bagamoyo na kurudi.

Aliyekaa mbele yangu alikuwa mwalimu mstaafu anayerudi kwao Sikonge. Tangu Dodoma aliniona nimeinamia karatasi zilizobanwa pini, na alipomaliza kuku wake na kunawa kwa maji ya chupa akauliza ninasoma nini. Nilikuwa ninasoma Kauli ya Cape Town, waraka uliotokana na Mkutano wa 7 wa Dunia kuhusu Uadilifu katika Utafiti. Mkutano huo ulifanyika Cape Town kuanzia tarehe 29 Mei hadi 1 Juni 2022, na ilikuwa mara ya kwanza kuja Afrika. Ulianzia Lisbon mwaka 2007. Kikao cha Singapore cha mwaka 2010 kilitoa kauli ya pamoja kuhusu wajibu wa mtafiti, na kile cha Hong Kong cha mwaka 2019 kikaweka misingi ya namna ya kuwapima watafiti na kuwapandisha vyeo. Cape Town wakaligusa jambo ambalo Waafrika wamelilalamikia siku zote: mtafiti wa nchi tajiri anakuja, anakusanya damu, sauti na kumbukumbu za watu, anaondoka, na makala inatoka bila majina ya wenyeji waliomwezesha. Kauli ile inasema hilo nalo ni suala la uadilifu, wala lisichukuliwe kuwa la adabu tu.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. "Hayo ni ya wakubwa, mwanangu. Uadilifu ninaoujua mimi unaanzia kwenye bahasha."

Akanieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Asubuhi ya mtihani bahasha huletwa hadi mlangoni. Huitwa watahiniwa wawili, huonyeshwa kuwa haijaguswa, hutia saini. Ukingo hukatwa kwa mkasi, karatasi huhesabiwa moja moja. Baada ya hapo kazi ya msimamizi ni macho. Amewahi kukuta nondo kwenye pindo la sketi, kanuni za hesabu zimeandikwa pajani, kikaratasi kimeviringishwa ndani ya kalamu iliyotolewa mrija wake. Alikuwapo mtahiniwa aliyeomba kwenda chooni kila mtihani. Mwalimu alipopanda juu ya ndoo kuchungulia, akakuta daftari zima limelala juu ya kenchi.

Hakucheka alipolisimulia hilo. "Daftari juu ya kenchi ni wizi wa mtoto," alisema. "Lakini mtoto hana ufunguo wa chumba zinamolala bahasha."

Historia ya mitihani yetu iko upande wake. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Mitihani ya kidato cha nne ilivuja mwaka 1998. Mwaka 2008 ukavuja mtihani wa hisabati wa kidato hicho hicho, ikabidi utungwe mwingine. Matokeo ya darasa la saba ya mwaka 2011 yalipotangazwa, wanafunzi 9,736 walifutiwa kwa udanganyifu. Septemba 2018 mtihani wa darasa la saba ukavuja tena. Baraza likaufuta kwa shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, na kwa shule kadhaa za kwingineko, watoto wakaurudia tarehe 8 Oktoba.

Hao 9,736 walikuwa watoto. Wapo walioandikiwa majibu ubaoni na watu wazima, wapo waliopewa wakidhani wanasaidiwa. Mwanzoni iliamuliwa wasiurudie mtihani. Baadaye Serikali ikawaruhusu kuufanya mwaka 2012, na ilifanya vema, maana kumfungia mtoto mlango wa shule kwa kosa alilofundishwa na mkubwa ni dhuluma juu ya dhuluma. Tarehe 28 Aprili 2017, huko Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na waliokutwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Idadi hizo mbili zimekaribiana kwa bahati, lakini ukiziweka pamoja unaona njia nzima: kutoka dawati la darasa la saba hadi meza ya ofisi ya umma, na huko mwisho anayeumia ni mgonjwa aliyechomwa sindano na mtu asiyesomea.

Wakenya nao walipita humo humo. Baada ya mitihani yao ya mwaka 2015 kuvuja vibaya, Waziri Fred Matiang'i alilivunja baraza la mitihani Machi 2016, karatasi zikaanza kufungiwa kwenye makontena yenye ulinzi wa polisi, na watahiniwa waliopata alama ya A katika mtihani wa sekondari wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141 kwa mwaka mmoja. Kufuli linasaidia. Mwalimu wangu wa Sikonge hakulidharau kufuli, lakini alikuwa na njia yake darasani, nayo aliitumia tangu alipoanza kazi hadi alipostaafu. Mwanafunzi akitoa jibu, hata likiwa sahihi, aliulizwa: nani alikwambia? Wengine walisema babu. Wengine walitaja kitabu na ukurasa. Wengine walisema, nimewaza mwenyewe, mwalimu. Majibu yote matatu yalikubalika. Asiyekuwa na la kusema alirudi kukaa hadi alikumbuke.

Swali hilo nilishuka nalo Tabora alfajiri.

Stesheni ya Tabora ni njia panda. Hapa reli inagawanyika, mkono mmoja kwenda Mwanza na mwingine Kigoma, na wenyeji husalimiana "mwangaluka" huku wakipokezana mizigo ya watu wasiowajua. Sokoni kuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa hadi vikauke kabisa, na kuna asali ya miombo ndani ya madumu na chupa za kila aina. Muuzaji mmoja alinimiminia kidogo kwenye kisoda nionje, kisha akanitajia kijiji ilikotoka, mwenye mizinga, na mti ambao nyuki walikuwa wanauendea msimu ule. "Asali isiyo na mwenyewe usiinunue, kaka," alisema. "Hujui imechanganywa na nini." Hakuna mtaalamu yeyote wa uadilifu niliyemsoma aliyewahi kuniambia jambo hilo kwa ufupi kiasi hicho.

Zamani wasafiri waliiita sehemu hii Kazeh, katikati ya Unyanyembe. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, tarehe 27 Juni 1857, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Walikuwa hoi. Aliyewapokea na kuwauguza alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa kabila la Harthi aliyekuwa ameizunguka bara kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake, hadi Buganda enzi za Kabaka Suna. Barazani kwa Snay ndipo jambo lililowasumbua wachoraji ramani wa Ulaya lilipofumbuliwa. Ramani ya wamisionari wa Mombasa ilikuwa imechora ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Snay akawaambia maziwa ni matatu: Nyasa kusini, Tanganyika magharibi, na kaskazini lipo la Ukerewe, kubwa kuliko Tanganyika.

Mwaka uliofuata Burton alibaki Kazeh, mgonjwa, akikusanya msamiati wa lugha za bara kwa msaada wa mwenyeji wake huyo. Speke akaenda kaskazini. Tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa, karibu na ilipo Mwanza ya leo, akalipa jina la malkia wake, na tarehe 25 Agosti alikuwa amerudi Kazeh akisema amepata chanzo cha Nile. Ugomvi wao juu ya nani ana haki uliendelea hadi Uingereza. Walipangiwa kukutana katika mjadala mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864; siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa katika mawindo.

Ni lazima haki itendeke kwa wote wawili hapa: Burton na Speke, kila mmoja katika kitabu chake, walimtaja Snay bin Amir. Burton katika kitabu chake cha mwaka 1860 anamtaja mara nyingi, kwa shukrani. Jina lilidondoka baadaye. Lilidondoka katika muhtasari wa vitabu, katika mabango, na mwishowe katika madaftari yetu. Vizazi vya watoto wa Kitanzania vimeulizwa nani aligundua Ziwa Victoria, na vimepewa nafasi ya kuandika jina moja. Mtoto wa Ukerewe, ambaye babu zake walikuwa wakivua samaki katika maji hayo hayo, alipata alama kwa kuandika Speke. Akiandika ukweli anakosa. Tunawakataza watoto wasichukue jibu la jirani na kulifanya lao, na wakati huo huo tunawapa mtihani ambao jibu lake limechukuliwa kwa jirani.

Kumtaja Snay si kumtakasa. Biashara yake ilikuwa pembe na watu, na Tabora ilitajirika kwa vyote viwili. Speke alipopita tena mwaka 1861 alikuta vita kati ya Waarabu na Mtemi Manwa Sera, na katika vita hivyo Snay aliuawa. Mtu anaweza kuwa na dhambi nzito na bado akawa ndiye chanzo cha habari. Anayeandika historia hana ruhusa ya kufuta jina kwa sababu hampendi mwenye jina.

Tabora ina deni jingine kwa elimu, na hili ni la heshima. Shule ya Tabora ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1922, mwanzoni ikilenga zaidi watoto wa machifu. Ya wasichana ikafuata mwaka 1928. Julius Nyerere alisoma hapa kuanzia 1937 hadi 1942, na aliporudi kutoka Makerere alifundisha St. Mary's, ambayo leo ni Milambo, hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Asubuhi niliyopita nje ya uzio wa shule ile kongwe, wanafunzi walikuwa wakifagia chini ya miembe huku mmoja wao, mgongo kwenye shina, akiwasomea wenzake maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Alikuwa akisoma swali, wao wanaimba jibu kwa pamoja bila kusimamisha mifagio.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Machi 1967, alikosoa shule inayomwandaa mtoto kwa ajili ya mtihani wa kumvusha kwenda ngazi inayofuata tu, wakati wengi hawatavuka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka mtu asipimwe kwa karatasi ya mwisho peke yake, kazi zake na mwenendo wake navyo vihesabiwe. Utekelezaji ulikuwa na kasoro zake, na alama za tabia ziliweza kupangwa kwa upendeleo. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na ninaliamini hadi leo: mtihani mmoja ukibeba maisha yote ya mtoto, watu wazima wanaomzunguka watatafuta ufunguo wa chumba cha bahasha.

Kwihara iko kusini-magharibi ya mji, mwendo mfupi wa bodaboda katika njia ya vumbi jekundu. Hapo lipo tembe alilokaa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, na Kwihara ni mojawapo ya maeneo sita ambayo Tanzania iliyaingiza mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia kwa ajili ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Tembe ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na mlango wa mbao ulionakshiwa kwa mtindo wa pwani. Ndani kuna ubaridi hata saa saba mchana. Mtunzaji, mama wa makamo aliyejifunga kitenge juu ya gauni la kazi, alinionyesha kilichomo bila haraka, akisimama pale ninaposimama.

Mwenyewe nilikuja kwa ajili ya daftari lisilokuwapo. Machi 1872 Livingstone na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyemfuata hadi Ujiji, waliagana hapa. Stanley aliondoka na shajara nene iliyofungwa kwa lakiri, ambayo watafiti huiita Shajara ya Unyanyembe. Ndani yake Livingstone alikuwa amenakili, kwa mwandiko safi, yale aliyoyaandika porini alipoishiwa karatasi na wino. Huko Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, mwaka 1871 aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la London, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mbegu za mmea wa kienyeji. Wino ule ulififia hadi maneno hayakusomeka tena.

Mwaka 2011 kundi la wanasayansi na wanahistoria lililoongozwa na Adrian Wisnicki liliupiga picha mswada ule kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho, na maandishi yakarudi. Humo yamo mauaji ya soko la Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambapo mamia ya watu, wengi wao wanawake, walipigwa risasi na watu wa wafanyabiashara wa utumwa au wakafa maji wakikimbia. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, nalo likafungwa mwaka 1873. Lakini watafiti walipolinganisha maandishi ya porini na nakala ya Unyanyembe waligundua kuwa hayafanani kila mahali. Mambo kadhaa, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, yalikuwa yamepunguzwa makali yaliponakiliwa.

Stanley naye ana lake. Kurasa za shajara yake zilizopaswa kueleza dakika ya kukutana na Livingstone pale Ujiji zimechanwa. Tim Jeal, aliyeandika wasifu wake mwaka 2007 baada ya kupitia nyaraka zake, anaamini ile salamu maarufu, "Daktari Livingstone, nadhani?", aliitunga baadaye. Hata tarehe ya kukutana hawakubaliani: Stanley anasema 10 Novemba 1871, hesabu ya Livingstone inaangukia siku za mwisho za Oktoba.

Nilimsimulia mtunzaji habari ya yale magazeti ya Manyema tukiwa tumekaa kwenye kibaraza. Alifikiri kidogo kisha akauliza, "Sasa yale ya kwanza hayakupotea?" Nikamwambia yalihifadhiwa Uskoti. "Basi afadhali," alisema. "Mtu akikosea lakini karatasi ya kwanza ipo, watu watasahihisha."

Mhariri yeyote, mkaguzi yeyote wa tasnifu, angemwelewa. Chuo kinachodai daftari la utafiti pamoja na tasnifu iliyojalidiwa kinafanya hivyo kwa sababu hiyo hiyo: fomu za mahojiano, sauti zilizorekodiwa, rasimu zenye mistari ya kufuta, vyote vinaonyesha jinsi mtu alivyofika alikofika. Steshenari zinazowauzia wanafunzi "risachi" iliyokwisha kuandikwa, na zipo karibu na vyuo vingi vya kwetu, haziwezi kuuza hayo.

Unyanyembe ndipo pia walipopita James Chuma na Abdullah Susi, Oktoba 1873, wakiwa wameubeba mwili wa Livingstone uliokaushwa kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapa, aliwashauri wauzike. Wakakataa. Waliufikisha Bagamoyo Februari 1874, wakiwa na karatasi zake pia, na baadaye wakiwa Uingereza walikaa na mhariri Horace Waller kumfafanulia yaliyomo katika shajara za mwisho. Waller alipozichapisha aliyaweka majina yao kwenye ukurasa wa kwanza, ingawa kwa cheo cha watumishi waaminifu. Kwa kipimo cha wakati ule halikuwa jambo dogo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo hakupata hata hilo. Alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, na maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903 ambacho kila anayesoma maisha ya Waswahili wa karne ya 19 lazima akipitie. Jina lililobebwa na jalada lilikuwa la Carl Velten, mhariri. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka, ndipo jina la Mtoro likapanda kwenye jalada. Alikuwa amefariki Ujerumani tangu 1927.

Hayo ya Mtoro niliyawaza sana kutoka Tabora kwenda Kigoma. Treni hupita Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, ikafika Kaliua panapochepuka reli ya Mpanda, halafu ikavuka Malagarasi na kuingia Uvinza ya chumvi. Kijana niliyeketi naye sehemu hiyo ya safari alikuwa mhitimu wa chuo asiye na ajira, na alipojua ninachoandika alinong'ona kuwa amewahi kuwaandikia watu wa nje insha kwa malipo, kupitia mtandao. Alikuwa akiandika kuhusu uuguzi wa wazee huko Marekani, nchi asiyowahi kuikanyaga. "Walinipa alama nzuri, bro," alisema. "Yaani walimpa yeye."

Kazi hiyo imeota mizizi hasa Nairobi. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Eloise King, inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, akizungumza na vijana wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Australia mwaka 2020 na England mwaka 2022 zilipitisha sheria za kuwabana wanaouza huduma hizo. Sheria hizo ni sawa. Lakini mnunuzi naye ana jina na ada ya chuo, na shahada inabaki kwake. Yule kijana wa treni ana akili ya kuifanya kazi ya uzamili katika somo asilolisomea, na hakuna karatasi yoyote duniani inayosema hivyo. Anayeuza jibu ametenda kosa. Lakini dunia inayonunua akili yake kwa sharti la kumficha inafanana mno na lile jalada la mwaka 1903, na mikutano mikubwa ya uadilifu haina budi kulisema hilo kwa sauti ile ile inayotumia kukemea wizi wa maandishi.

Ujiji, kwenye eneo la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, nilikuta darasa. Walikuwa wanafunzi wa kidato cha tatu na mwalimu wao wa historia, binti ambaye hajakaa miaka mingi kazini, wamemzunguka bibi mmoja mwenyeji chini ya mwembe. Bibi alikuwa akiwaonyesha kwa fimbo mahali ambapo mama yake alimwambia maji ya ziwa yalikuwa yakifika zamani, mbali sana na ufuko wa leo. Kila mwanafunzi alikuwa amechora jedwali kwenye daftari: jina la msimulizi, mtaa, alichosimulia, alisikia kwa nani.

"Jina langu mnaliandika la nini?" bibi aliuliza.

"Ili atakayesoma ajue ni wewe uliyetuambia, bibi," alijibu msichana aliyekuwa mbele. Bibi akalirudia jina lake polepole, akasubiri wamalize kuandika, ndipo akaendelea.

Mwalimu alinieleza tatizo lake baadaye. Alipokuwa chuoni alifundishwa kuwa kitabu kinaingia kwenye orodha ya marejeo mwishoni mwa kazi, lakini mazungumzo na mtu, kwa mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ambao vyuo vingi huufuata, hutajwa ndani ya matini tu na orodhani hayaingii. Kwa hiyo Stanley yumo kwenye orodha na bibi hayumo. Nilimweleza kuhusu Lorisia MacLeod, mkutubi wa taifa la Wakree la James Smith nchini Kanada, ambaye akiwa na Chuo cha NorQuest mjini Edmonton alitayarisha muundo wa kuwaorodhesha wazee wa jamii za asili sawa na waandishi wa vitabu, na kuuelezea katika makala ya mwaka 2021: jina, jamii anayotoka, anapoishi, mada aliyoizungumzia, tarehe.

Akalifungua andalio lake la somo, akaunakili muundo ule kwenye ukurasa wa nyuma, akibadilisha taifa kuwa kabila na kuongeza mtaa. Wanafunzi wawili waliokuwa wakichungulia begani kwake wakaanza kubishana: bibi aliyasikia yale kwa mama yake, sasa anayeandikwa ni nani, bibi au marehemu? Mwalimu aliwaacha wabishane muda mrefu. Mwishowe akawaambia waongeze safu ya pili ya jina, na wakarudi kwa bibi kumuuliza mama yake aliitwa nani.